Baraza Alilopiga Deki Mama

2 Machi

Kwako Chiriku, mdogo wangu,

Hapa nyumbani hakuna baya la kukusimulia. Mama hajambo, bado anafua nguo za watu na bado anagombana na kila mwenye nguo. Juzi kamrudishia mteja shati lake akamwambia, "Doa hili umelikalia mwezi mzima, mimi si mchawi." Wifi yako anauliza kama bado unaongea usingizini, maana siku hizi nyumba imepoa.

Karakana kazi ipo. Tajiri mmoja kaagiza geti la kuzuia tembo, na nyumba yenyewe haina hata kuku. Nilipokuwa nasaga kona zake, kichembe cha chuma kikaniruka jichoni. Si kitu, nimenunua dawa ya matone. Ila ukiona mistari yangu inapanda mlima usidhani nimeanza ulevi.

Pole na hiyo ofisi yako. Tangu wakushushe cheo nakuonea huruma, lakini acha nikuambie la moyoni: umerudi kuwa mtu wetu. Usijikamue kwa ajili yetu, jilishe kwanza. Chumba kimeacha kuvuja?

Kaka yako,
Cheche

11 Machi

Kaka yangu Cheche,

Chumba hakivuji tena, mwenye nyumba amepiga bati jipya baada ya mimi kumsumbua mpaka akawa ananikimbia. Bomba la uani linatoa maji asubuhi tu, kwa hiyo tunapanga foleni na ndoo, na mimi na mdomo wangu najua habari za mtaa mzima kabla ndoo haijajaa. Ofisini nachora vyoo na ngazi, wakubwa wanachora majumba.

Nimeweka kitu kidogo humu kwenye bahasha. Usikirudishe, nitakasirika.

Hilo jicho likoje? Usilifikiche. Mwambie Mama apumzike Jumapili.

Dada yako,
Chiriku

11 Machi

Shoga yangu muuguzi,

Nimetoka kumwandikia Kaka sasa hivi; kichembe cha chuma kimemruka jichoni kazini, eti anatumia matone ya dukani. Wino haujakauka. Nimemwandikia habari za foleni ya bomba. Shoga, bomba gani? Nina tangi la maji juu ya paa na bafu mbili, na moja sijawahi kuiogea.

Kwetu hawajui lolote. Hawajui kwamba jina langu liko mlangoni pa ofisi. Hawajui hii nyumba ya barabara ya juu niliyoichora mwenyewe, wala huyu mama anayekuja kunifanyia usafi, ambaye ni rika la Mama. Akianza kupiga deki natoka nje nazunguka zunguka mpaka amalize. Siwezi kukaa nikasikia lile tambara likikamuliwa.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini nawaficha, na mimi nakupiga chenga. Leo nakuambia. Mwaka juzi nilikwenda nyumbani na gari langu jipya, najiona nawapelekea furaha. Nikapita kwanza karakana. Kaka aliponiona alinyanyuka, akavua shati lake, akafuta kiti, akasema, "Karibu bosi." Hakucheka, shoga. Yule mtu ambaye utoto wote alikuwa ananivuta masikio, alisimama pembeni mpaka nikae ndiyo na yeye akae. Nyumbani Mama akanipa kikombe cha wageni. Usiku wakanipa kitanda cha Kaka, yeye na mkewe wakatandika chini, wakawa wananong'ona wasinisumbue. Siku zote nilizokaa hakuna aliyenitania, hakuna aliyenikatiza maneno. Niliwaogopa, na nadhani na wao waliniogopa.

Niliporudi nikaandika uongo. Nikasema ofisi imeyumba, nimeshushwa cheo, gari nimeuza, nimehamia chumba kimoja. Jibu lililokuja lilianza, "Chiriku we, si tulikuambia mjini hakuna mjomba!" Nilikaa chini nikalia kwa raha. Nilikuwa nimempata kaka yangu.

Sasa naishi roho mkononi. Geti likigongwa natupa macho dirishani kama mwizi. Naogopa siku watakayojua, na kila mwezi unaopita nazidi kuiogopa.

Wako,
Chiriku

19 Machi

Chiriku,

Nimeisoma barua yako wodini, nikaisoma tena kwenye basi. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Umempata kaka anayekutania, sawa. Lakini umewanyima nafasi ya kukuomba. Watu kama wetu wakijua huna, hawatakuambia shida. Watakaa nayo mpaka iwazidi. Nawaona hapa kila siku, wanaletwa wakiwa wamechelewa, ukiuliza wanasema hatukutaka kumsumbua mtoto.

Jingine. Kichembe cha chuma jichoni hakitibiwi kwa matone ya dukani. Mwandikie aende hospitali, na aende sasa.

Shoga yako

2 Aprili

Chiriku,

Nimepata barua yako ya pili, hiyo ya kunifokea. Nimekwenda hospitali kama ulivyoagiza. Wamesema nilipumzishe tu. Basi, tuliache.

Mama amekaza shingo, anataka kuja kukuona. Ana neno la kukuambia. Mimi nimemkataza, nimemwambia huyo mtoto ana yake, lakini Mama unamjua. Atapanda basi la Jumamosi, sijui Jumamosi ipi. Mpokee. Usimwache afike mpaka kwenye chumba chako akaona dhiki, mtafutie mahali mkae mle kitu.

Nimefupisha, mwanga wa leo mbaya.

Cheche

10 Aprili

Shoga yangu,

Barua ya Kaka ya kunionya kwamba Mama anakuja imenifikia jana. Mama alikuwa ameshakuja na kuondoka.

Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo mama wa kazi haji. Nilikuwa nimevaa gauni bovu, miguu peku, nimejifunga kitambaa kichwani, napiga deki baraza mwenyewe. Huwa nafanya hivyo Jumamosi, nafsi yangu inatulia kidogo. Nikasikia hodi. Si getini. Mlango wa jikoni. Geti dogo nilikuwa nimelisahau wazi, na Mama alikuwa amezunguka nyuma, kama alivyozunguka nyuma ya nyumba za watu maisha yake yote.

Alianzia ofisini, akakuta pamefungwa. Mlinzi akamwambia Jumamosi utampata kule barabara ya juu, akamwelekeza nyumba. Basi.

Alinitazama. Akatazama ndoo, tambara, miguu yangu. Uso ukamsawijika.

"Kumbe na Jumamosi wanakutumikisha?" Alinong'ona, shoga. "Wenyewe wapo?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Nakuapia nilifungua. Nikasikia sauti yangu inasema, "Wametoka."

Kuanzia hapo sikuweza tena kurudi nyuma. Alininyang'anya tambara. "Lete, unaacha michirizi. Watakusema." Akapiga magoti kwenye vigae nilivyoagiza mimi, akavisugua kuanzia ukutani mpaka kwenye ngazi, na goti lake lile bovu. Nilimwambia aache, akasema, "Tumalize kabla hawajarudi." Gari la jirani likapunguza mwendo nje. Mama aliruka. Alishika kifua, akanikamata mkono, macho yamemtoka: "Nijifiche wapi?"

Nikamwambia ni jirani, Mama, ni jirani tu.

Nilipomkaribisha kiti alikataa. "Kiti cha watu ukikikalia kinabaki na joto, wanajua." Akanywa chai amesimama karibu na mlango, mkoba ameukumbatia tumboni. Akaosha kikombe, akakikausha, akaniuliza kilikuwa kimetazama upande gani kabatini.

Nikamuuliza, "Mama, kwa nini umekuja ghafla? Kuna nini?"

Aliishika mikono yangu akaigeuza. Ilikuwa imekunjamana kwa maji. Akaitazama muda mrefu.

"Nilikukumbuka tu, mwanangu."

Hakutaka hata nimsindikize. Alisema wasije wakanikuta na mgeni wakanifukuza. Nilisimama nyuma ya pazia nikamwona anateremka barabara, anatembea ukingoni kabisa, kama barabara nayo ina wenyewe.

Sasa Kaka ananiandikia kwamba Mama alikuwa na neno. Neno gani, shoga? Nikiuliza, nitalazimika kusema. Nikisema, nitasemaje kwamba nilimtazama mama yangu akisugua sakafu yangu? Tangu jana sijala.

Chiriku

20 Aprili

Mdogo wangu,

Usishangae mwandiko, nimempa wifi yako kalamu kwa sababu mikono yangu imejaa grisi.

Mama ametueleza. Tulikuwa hatujui kwamba hali yako imefika huko. Kwa nini hukusema? Kutwa ofisini, halafu Jumamosi kwenye sakafu za watu!

Tumekaa tukazungumza. Kile ulichokuwa unatutumia kwenye bahasha usitume tena, ni marufuku. Mama amechukua nguo za nyumba nyingine mbili, anasema ataweza, ili wewe uiache hiyo kazi ya Jumamosi. Ndani ya kifurushi hiki kuna mafuta ya mikono, ni yale anayopaka yeye. Paka kabla ya kulala, halafu vaa soksi mikononi. Utaonekana kichaa, lakini si mara ya kwanza.

Mimi mzima.

Kaka yako,
Cheche

3 Mei

Wifi yangu,

Mume wangu hajui kama nakuandikia. Aliniapisha. Mama naye alisema nikikuandikia nitakuwa nakuongezea mzigo. Lakini mimi ndiye ninayemshika mkono kumpeleka chooni, kwa hiyo acha wanilaumu.

Hakwenda kupumzisha jicho. Hospitali walimwambia chuma kiko ndani, kinatakiwa kutolewa kwa upasuaji na daktari wa macho wa huko mjini, tena haraka. Gharama walizotaja zilitufunga midomo. Tukauza mashine yake ya kuchomelea, haikufika hata nusu. Mama ndipo akasema atakuja kwako. Alisema, hata kama ameshushwa cheo, anawajua watu, atatukopea. Alipanda basi akiwa amelikariri neno lake kama sala.

Aliporudi alituambia, "Sikumwambia. Mtoto wangu anapiga deki kwa watu. Ningemwambia nini?"

Jicho la kulia limeshakufa, wifi. Linatoa usaha. Sasa na la kushoto limeanza kuwa jekundu, akitazama dirishani anapiga kelele. Daktari wa hapa anasema mara nyingine jicho bovu huliambukiza zima ugonjwa, na likishakamata yanakwenda yote mawili. Anakaa kwenye chumba chenye giza. Jana aliniuliza kama taa imewashwa. Ilikuwa saa sita mchana.

Sikuandikii uje na kitu. Najua huna. Nimekuandikia kwa sababu naogopa peke yangu.

Wifi yako

8 Mei

TELEGRAMU

WIFI MFUNGE MACHO YOTE ASIONE MWANGA. MSIMPE DAWA YOYOTE. NAKUJA LEO. CHIRIKU

30 Mei

Shoga yangu,

Asante kwa kuniunganisha na daktari yule wa macho. Bila wewe nisingejua hata mlango wa kugonga.

Niliendesha gari bila kusimama. Mama alikuwa amekwenda kwenye nguo za watu, sikumkuta, na Mungu anisamehe, nilishukuru. Kaka alikuwa amekaa kitandani, kitambaa kimezunguka macho yote mawili. Amekonda, shoga. Akanusa, akasema, "Chiriku?" Nikamshika mkono nikamtoa. Wifi aliliona gari, akanitazama, akafunga mdomo. Akaingia nyuma na mumewe.

Njiani anauliza, "Teksi hii itatugharimu nini mpaka mjini?" Nikasema nimeshamalizana naye. Akamshukuru dereva. Dereva ni mimi. Nililia bila sauti mpaka barabara ikawa inacheza mbele yangu.

Jicho la kulia wamelitoa. La kushoto wanalipigania kwa sindano na dawa. Daktari hasemi ndiyo wala hapana.

Siku ya pili baada ya upasuaji nilikuwa naye peke yangu. Alipapasa shuka. Akapapasa ukuta. Akasikiliza.

"Hapa pana vitanda vingapi?"

"Kimoja."

"Mbona pako kimya hivi? Hospitali gani haina kelele?" Akanyanyuka kwa kiwiko, bandeji zimemjaa usoni, na sauti ikashuka kama ya Mama siku ile. "Chiriku. Umechukua kitu cha wale watu? Niambie. Umeiba kwa wenye nyumba?"

Shoga, alikuwa anaogopa kweli. Jasho lilikuwa linamtoka shingoni. "Rudisha," akasema. "Rudisha leo. Jicho nimelisamehe. Usifungwe kwa ajili yangu."

Nikamwambia yote. Ofisi, gari, chumba ambacho hakipo, bomba ambalo halipo. Nilisema haraka haraka, nikamwambia na kuhusu lile shati na kiti, kwamba niliogopa kuwa bosi wake.

Alirudisha kichwa kwenye mto. Kisha akasema, "Kiti kilikuwa na grisi. Ulivaa nguo nyeupe." Baadaye tena: "Bosi nilisema kwa kuona fahari. Nilikuwa nimekosa neno jingine."

Nikapiga magoti. Akauliza swali moja tu.

"Lile baraza alilopiga deki Mama lilikuwa la nani?"

"Langu."

Akageukia ukutani. Hakunisemesha tena mpaka aliporuhusiwa. Hata kwaheri alimpa wifi aniletee.

Chiriku

24 Juni

Chiriku,

Naandika mwenyewe, kwa jicho lililobaki. Daktari amenipa ruhusa ya ukurasa mmoja, kwa hiyo sitazunguka.

Nimekaa na hasira nikitafuta pa kuiweka. Nilikuwa na dada mwenye uwezo, nikanunua matone. Nilikuwa na dada mwenye gari, mama yangu akakaa kwenye basi siku nzima na goti lake. Halafu najiuliza, na mimi si nilikuandikia kwamba nimekwenda hospitali wakasema nipumzike? Si mimi niliyemkataza Mama kuja? Hasira inafika hapo inakosa njia. Lakini bado ipo, usijidanganye.

Kila asubuhi nikiamka nalifunika jicho kwa kiganja kwanza. Naogopa kulifungua. Nahesabu pumzi, naondoa kidole kimoja kimoja. Mpaka sasa mwanga upo. Sitakuficha, nakuandikia hivi kwa sababu huo uoga wa kuangalia nadhani unaujua.

Mama bado hajui. Ameambiwa daktari alifanya kwa hisani. Kila jioni anawaombea wenye ile nyumba wawe na huruma na wewe. Wifi yako anatoka nje akisikia. Mimi simwambii. Wala usiandike, maana barua zake tunamsomea sisi na mdomo huo sina. Njoo umwambie mwenyewe.

Cheche

9 Julai

Mwanangu Chiriku,

Anaandika wifi yako, maneno ni yangu, na nimemwambia asiyapambe.

Juzi uliondoka hujala. Uliposema yale maneno nilikaa kimya ukadhani nimekulaani. Sikukulaani. Nilikuwa nalirudia lile baraza moyoni, kigae kwa kigae. Siku ile moyo wangu ulikwenda mbio tangu nilipolikuta lile geti dogo mpaka nilipopanda basi. Nilikuwa naogopa wenyewe wasije. Kumbe mwenyewe alikuwa ananimiminia chai. Mimi siku nzima nilikuwa namwogopa mtoto niliyemzaa.

Hilo halijanitoka. Naamka nalo, nafua nalo. Litatoka lini sijui, usinihimize.

Lakini kuna jambo lazima nikuambie. Ulisema ulificha ili tukupende kama zamani. Nani alikuambia tulipunguza? Kikombe cha wageni nilikupa kwa sababu ndicho kizima peke yake, vingine vimevunjika midomo. Ungeniuliza, ningekujibu. Sisi ni watu wa kuulizwa, Chiriku. Hatukusoma, lakini tunajibu.

Kaka yako amerudi karakana, anapanga vyuma tu, moto hausogelei. Akichelewa nasimama mlangoni. Jana alijikwaa kwenye kizingiti, sote tukamtazama usoni. Alikuwa amejikwaa tu, kama mtu yeyote. Ndivyo tunavyoishi sasa.

Daktari anamtaka tena Jumatano ya wiki ijayo, ndipo atasema kama hili jicho litabaki. Hapa hakuna anayelala vizuri. Sitaki apande basi. Njoo na gari lako, ulisimamishe mlangoni kwangu mchana kweupe, majirani waone, waulizao waulize. Na mimi nitakuja nanyi mjini. Nitakaa mbele, maana nyuma goti linanikatalia. Nitalala kwako, kitanda nitakachokichagua mwenyewe.

Hata kama daktari atasema neno baya, nataka tulisikie tukiwa wote, hakuna aliyemficha mwenzake.

Mafuta ya mikono usiyatupe.

Mama yako